Bibi Virginia McKenna na Ng'ombe wa Baba Yangu

Wasomaji wengi wa gazeti hili ni wakulima, wafugaji, na makarani kama mimi, na yamkini watashangaa kuona karani wa Kajiado akiandika habari za mchezaji wa sinema wa Uingereza. Hata mimi nimejishangaa. Lakini jina la bibi huyu limenifuata tangu nilipokuwa mwanafunzi, nami kwa miaka mingi sikulipenda. Basi nimeona ni heri niandike habari zake, na zangu kidogo, ili wenzangu waamue kama nilikuwa na haki ya kumchukia.

Kwanza nieleze chuki yenyewe. Mimi ni mzaliwa wa Kitengela, wala si Kitengela hii ya maghorofa na maduka ya saruji iliyo kando ya barabara ya Namanga, bali ile ya ndani, penye majani, ambako ng'ambo ya mto Mbagathi ni mbuga ya wanyama ya Nairobi. Mbuga hiyo iliwekwa mwaka 1946, na eneo lake ni kilomita za mraba 117. Upande wa mji ina ua wa waya, lakini upande wetu wa kusini hakuna ua, ni mto tu. Mvua zikinyesha, nyumbu na punda milia huvuka kuja kula majani kwetu, na simba huwafuata. Nyumbu wakirudi, wako simba ambao hawarudi, maana wamekwisha kuonja mbuzi.

Mwaka 2004 nilikuwa kidato cha pili katika shule ya misheni ya bweni. Jumamosi moja usiku padre alitundika shuka jeupe katika bwalo la kulia chakula, akatuonyesha picha ya sinema iitwayo Born Free. Ni habari ya simba jike aitwaye Elsa, aliyelelewa tangu utotoni na Bwana George Adamson, askari wa wanyama pori, na mkewe Bibi Joy, kisha akafundishwa kuwinda na kuachiliwa porini. Bibi Joy aliigizwa na Bibi Virginia McKenna. Simba yule alipoachiliwa, naye bibi akasimama akimtazama, niliwaona wavulana wakubwa wa kidato cha nne, watu wa kutoka penye mashamba ya chai, wakifuta macho kwa mikono ya sweta. Mimi sikulia. Nilikuwa nikijiuliza mambo ya zizi la Baba na miiba yake.

Siku nne baadaye nikaitwa ofisini. Simba wawili walikuwa wameingia bomani kwetu usiku, wakaua ng'ombe wanne, na mmoja wao alikuwa mtamba mwekundu aliyewekwa ili auzwe kulipa karo yangu ya muhula. Sheria ya wakati ule haikulipa fidia ya mifugo. Ilikuwapo mipango mizuri karibu nasi: tangu mwaka 2000 wenye ardhi wa Kitengela waliokubali kuacha mashamba yao wazi bila ua walianza kulipwa shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka, kwa mafungu yaliyopangwa yafike wakati wa kulipa karo. Majirani zetu walikuwa wamekwisha kuandikishwa, sisi bado. Basi nilikaa nyumbani muhula mzima nikichunga mbuzi, na kila nilipoketi chini ya mti niliuona uso wa yule bibi ukimlilia Elsa. Nilimwambia moyoni: Bibi, mbona humlilii mtamba wetu?

Chuki ya kijana haikai ndani ya kijana peke yake. Tarehe 20 Juni 2012, katika Ilkeek-Lemedung'i, Kitengela, simba sita waliuawa kwa mikuki asubuhi, baada ya kuua mbuzi usiku. Habari ile ilitangazwa duniani kote. Nilikuwa nyumbani siku ile. Sitaandika hapa nilisimama wapi, wala mkononi nilishika nini. Nitasema tu kwamba wengine walipiga kelele za furaha, nami nikiwatazama watoto wa simba waliolala pale, nilitazamia furaha ije, haikuja.

Baadaye nilipata kazi ya ukarani Kajiado. Sheria mpya ya wanyama pori ya mwaka 2013 ilipoanza kutumika mwaka uliofuata, ikarudisha fidia ya mifugo. Karatasi za madai nilizoziona tangu hapo ni nyingi: ng'ombe mmoja, kondoo kumi na wawili, punda mmoja, alama ya dole gumba mahali pa sahihi. Tangu siku ya kuandika dai mpaka siku ya kulipwa mtu aweza kuzeeka. Zaidi ya hapo sisemi, maana kazi bado naihitaji.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 nilisoma gazetini kwamba Bibi Virginia McKenna amepewa cheo cha Dame, ambacho kwa mwanamke ni kama kile cha Sir kwa mwanamume, kwa ajili ya kazi yake ya kuwatetea wanyama. Alikuwa na umri wa miaka 91. Nikakasirika upya. Lakini hasira ya mtu wa miaka thelathini na kitu si kama ya mtoto wa shule, hutaka kujua. Nikaanza kutafuta habari zake jioni baada ya kazi.

Alizaliwa London tarehe 7 Juni 1931. Alijifunza kuigiza katika chuo cha Central School huko London, na kazi yake ya kwanza ilikuwa katika jumba la michezo la Dundee, Scotland. Majumba ya namna ile yalikuwa na waigizaji wao wa kudumu, na mchezo mmoja ukiisha mwingine huanza, hata mtu hujifunza maneno ya mchezo mpya mchana huku usiku akiigiza wa zamani. Kwa sisi makarani ni kama mtu kuwekwa masjala, halafu hazina, halafu mapokezi, kabla hajazoea kiti. Toka huko alirudi London, akaonekana jukwaani na katika sinema, na mwaka 1955 akawa miongoni mwa wachezaji wa Old Vic, jumba lenye sifa kubwa kwa michezo ya Shakespeare.

Sinema iliyompa jina ilitoka mwaka 1956, nayo ni A Town Like Alice. Humo aliigiza mwanamke wa Kiingereza aliyetekwa na Wajapani katika Malaya wakati wa Vita Kuu ya Pili, akatembezwa kwa miguu pamoja na wanawake na watoto kutoka mji hata mji, kwa kuwa hakuna kambi iliyotaka kuwapokea. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya mchezaji bora wa kike wa Uingereza. Mwaka 1958 akaigiza Bibi Violette Szabo, mjane kijana aliyepelekwa Ufaransa kwa siri kupigana na Wajerumani, akashikwa, akauawa mwaka 1945. Niliitazama sinema hiyo usiku mmoja katika simu yangu, nyumba nzima ikiwa imelala. Nakiri kwamba hapo ndipo nilipomheshimu kwanza. Hapigi kelele. Mtu mwingine angelia na kujitupa chini. Yeye husimama tu, nawe unajua amekwisha kuvunjika.

Kuhusu ndoa zake sitasema mengi. Ile ya kwanza, na mchezaji Denholm Elliott, ilidumu muda mfupi. Mwaka 1957 aliolewa na Bwana Bill Travers, mchezaji mwenzake, mtu mrefu sana, wakaishi pamoja mpaka Bwana Travers alipofariki mwaka 1994.

Mume na mke hao ndio walioitwa kuja Kenya mwaka 1964 kuigiza Bwana na Bibi Adamson. Walikuja na watoto wao wadogo. Kazi ilifanyika karibu na Naro Moru, chini ya Mlima Kenya, kwa miezi mingi, na Bwana George Adamson mwenyewe ndiye aliyekuwa mshauri wao. Wenye sinema walikuwa wamefikiri kutumia simba wa sarakasi waliofundishwa kwa amri. Haikufaa. Basi wachezaji wale wawili ilibidi watembee na simba kila siku, kabla ya picha kupigwa na baada yake, mpaka simba wakawazoea. Mimi niliyelala usiku mwingi nikisikiliza miiba ya zizi, nilipoyasoma haya nilicheka peke yangu. Huku kwetu mtu akisema ametembea na simba asubuhi na jioni kwa hiari yake, tutamwuliza kama ana homa.

Sinema ilitoka mwaka 1966 ikapendwa duniani, na muziki wake ukapata tuzo mbili za Oscar huko Marekani. Kisha likatokea jambo ambalo wengi hawalijui. Simba walioigiza ndani ya sinema hiyo ya uhuru wa simba, wengi wao hawakupewa uhuru. Walipelekwa katika bustani za wanyama, wakafungwa. Watatu tu walichukuliwa na Bwana Adamson hadi Meru, akawafundisha kuishi porini. Bibi McKenna na mumewe waliliona jambo hilo kwa macho yao, na liliwachoma.

Hata hivyo aliendelea na kazi yake. Mwaka 1969 ilitoka sinema yake nyingine na mumewe, habari ya mtu na fisi maji wake, na mwaka 1979 akasimama katika jukwaa la Palladium, London, pamoja na Yul Brynner, katika mchezo wa nyimbo wa The King and I, akapata tuzo kubwa ya majumba ya michezo ya London. Kama maisha yake yangeishia hapo, yangekuwa maisha mazuri ya mchezaji, nami nisingekuwa na sababu ya kuandika.

Lakini kuna habari ya Pole Pole. Mwaka 1968 Bwana na Bibi Travers walikuwa Tsavo wakitengeneza sinema ya tembo. Walihitaji tembo mchanga, wakapata mtoto wa kike wa miaka miwili aliyekuwa amekamatwa kutoka kundini. Jina lake lilikuwa Pole Pole. (Katika sinema hiyo jina lake limegeuzwa Kiingereza, likasema kwamba tembo huyo ni mzito wa mwendo. Mswahili angeweza kuwaambia kwamba pole ni neno la mwendo na ni neno la msiba pia.) Walifanya naye kazi kwa majuma, akawapenda, akawa akiwafuata. Kazi ilipokwisha wakaambiwa kwamba mtoto yule ni zawadi ya serikali ya Kenya kwa bustani ya wanyama ya London. Wakaomba wamnunue ili abaki Kenya. Jibu walilopewa ni kwamba inawezekana, ila atakamatwa mwingine badala yake.

Msomaji, ungefanyaje? Mimi nimelifikiria swali hilo mara nyingi nikiwa katika matatu kati ya Kitengela na Kajiado. Kumwokoa yule unayemjua, ukamtia pingu yule usiyemjua. Walikataa. Pole Pole akasafirishwa.

Mwaka 1982 walikwenda kumtazama huko London. Alikuwa amebaki peke yake, bila tembo mwenziwe. Walimwita jina lake naye akawajia, akanyosha mkonga kuwagusa mikono. Ilikuwa imepita miaka kumi na mitatu hivi. Wakaanza kuandika magazetini wakitaka ahamishwe mahali penye tembo wengine. Mwaka 1983, alipokuwa akitayarishwa kuhamishwa, aliumia, na mwishoni akauawa na wakubwa wa bustani kwa sababu ya hali yake. Umri wake ulikuwa karibu miaka kumi na saba, ambao kwa tembo ni ujana.

Nilipofika hapo niliifunga simu, nikatoka nje. Sikuwa tena nikimfikiria bibi wa sinema anayemlilia Elsa kwa mshahara. Nilikuwa nikimfikiria mtu aliyesimama mbele ya kitu alichokishiriki kukifanya, naye hakuweza kugeuza uso. Nami najua kusimama hivyo, tangu ile asubuhi ya mwezi wa Juni.

Mwaka 1984 yeye, mumewe na mwana wao Will waliunda chama cha kuchunguza hali ya wanyama waliofungwa, kikaitwa Zoo Check, na mwaka 1991 kikaitwa Born Free Foundation, kwa jina la sinema ile ile. Tangu hapo watu walimjua zaidi kwa kazi hiyo kuliko kwa uigizaji.

Sasa wafugaji wenzangu watauliza, kama mimi nilivyouliza, na sisi je? Ni rahisi kumpenda simba ukiwa London. Huko hakuna zizi.

Jibu nililipata kwa mama mdogo, ndugu wa mama yangu, aliyeolewa upande wa Olgulului, katika nchi inayozunguka mbuga ya Amboseli. Nilikwenda kumwona mwaka jana kwa habari ya mahari. Nilipofika niliinamisha kichwa, akaniwekea mkono, akaniuliza habari za ng'ombe kabla ya habari za watoto, kama ilivyo desturi. Nikaona zizi lake si la miiba. Lilikuwa na nguzo imara, waya wa matundu uliosimama juu kuliko kichwa changu, na mlango wa bati.

"Yeyo," nikamwuliza, "ua huu mmeununua wapi?"

Akasema wamechanga wao sehemu ya gharama, na sehemu nyingine imetolewa na "watu wa Born Free". Alilitamka jina hilo kama mtu atajavyo jina la duka. Chama hicho kimejenga mazizi ya namna hiyo katika nchi ya Amboseli tangu mwaka 2010, nayo yamepita mia tatu. Nikamweleza kwamba chama chenyewe kilitokana na bibi mmoja mchezaji wa sinema, aliyeigiza mama wa simba. Akanitazama.

"Bibi huyo ana mifugo?"

"Hana, Yeyo."

"Basi nani alimwambia habari za miiba kuoza wakati wa mvua?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule simba walinguruma karibu. Niliamka, nikakaa kitako, jasho likinitoka, mkono ukitafuta kitu cha kushika. Ng'ombe walijisogeza pamoja, kisha wakatulia. Mama mdogo aligeuka upande wa pili, akaendelea kukoroma. Kwetu Kitengela sijapata kuona mwanamke mzee akilala simba wanaponguruma. Asubuhi tuliwahesabu mbuzi mmoja mmoja, na hesabu ilikuwa sawa.

Wala asidhani mtu kwamba sisi tumekaa tukingojea Wazungu. Kijana wetu wa Kitengela, Richard Turere, alikuwa mtoto wa miaka kumi na moja hivi alipobuni taa zinazowaka na kuzimika kuzunguka zizi la baba yake, kwa betri ya motokaa na nguvu ya jua, simba wakadhani mtu anatembea na tochi. Mwaka 2013 aliitwa Marekani kueleza akili yake hiyo. Na wala si kila mahali pamepata waya. Mwezi wa Mei 2023, katika muda wa juma moja hivi, simba kumi waliuawa katika Kajiado, na mmoja wao alikuwa Loonkito, dume mzee wa miaka kumi na tisa, aliyeingia bomani kwa njaa. Mwaka mwingine Bibi McKenna angesikia habari za tuzo. Mwaka ule alipata cheo, na simba wale wakafa.

Niliporudi Kitengela nilimweleza Baba mambo haya yote. Baba ni mzee sasa, na ng'ombe wake ni saba tu, kwa kuwa ardhi imekatwakatwa viwanja na upande mmoja tumezungukwa na kuta za mawe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wewe karani, nionyeshe hiyo sinema iliyokutia hasira ukiwa mtoto." Jumapili baada ya ibada nikaweka Born Free katika televisheni, tukaketi wawili.

Hakusema kitu kwa muda mrefu. Simba mla watu alipomwua mwanamke mtoni, hapo mwanzo, alitikisa kichwa. Bwana Travers alipotembea kando ya simba alisema, "Huyu mrefu haogopi kweli, tazama mabega yake." Bibi McKenna alipomwacha Elsa, Baba alinitazama mimi, si picha, nami nikajifanya kutengeneza sauti. Mwisho, Elsa akarudi kuwaonyesha rafiki zake watoto aliowazaa porini.

"Watatu," akasema Baba. "Nao walikula nini?"

Nikamwambia kweli kama ilivyo katika habari za Bibi Adamson. Elsa mwenyewe alikufa kwa ugonjwa mwaka 1961, na watoto wake wale watatu, wakiwa bado hawajui kuwinda vema, wakaingia katika maboma ya watu kula mbuzi, hata ikabidi wakamatwe, wapelekwe Serengeti.

Baba alicheka mpaka akakohoa, nikampa maji.

"Mbona hawakuliweka hilo katika sinema?" akasema. Kisha, baada ya kitambo, "Irudishe nyuma kidogo. Nataka kumwona tena yule mama anapomwita."